Damu Iko Sawa

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko Kitengela, ndani kidogo kutoka barabara ya Namanga, chini ya ghorofa ambayo mpaka leo haijapakwa rangi. Kwa miaka mingi kichwa changu ndicho kilikuwa tangazo la biashara. Mteja akiuliza asuke mtindo gani, nilikuwa nageuza tu kichwa aone. Kwa hivyo nywele zilipoanza kunitoka, hazikutoka kwa siri.

Nilijifunga kilemba. Kitengela ina vumbi na upepo, mwanamke akijifunga kitambaa hakuna anayemshangaa. Lakini uso haufungwi. Wekundu ulianza kwenye mashavu yote mawili ukavuka daraja la pua, na kwenye ngozi nyeusi kama yangu haukuwa wekundu hasa, ulikuwa karibu na zambarau, kama mtu aliyezabwa makofi asubuhi kabla ya kuja kazini. Nikipaka poda ndiyo kwanza unaonekana zaidi.

Siku moja nilikuwa namsuka mama mmoja wa kwaya ya kanisa letu. Nikagundua kwamba kwenye kioo hajiangalii yeye, ananiangalia mimi.

"Usinielewe vibaya," akasema, "lakini hiyo krimu unapaka, achana nayo. Dada yangu iliharibu yeye hivyo hivyo."

"Sijapaka krimu."

"Sawa," akajibu, kwa ile sauti ya mtu anayekubali asichoamini.

Wanawake wengine waliokuwa wanangoja wakainamia simu zao. Nilimaliza kile kichwa huku viungo vya vidole vinaniuma kama vimebanwa na mlango. Hakurudi tena. Baadaye nilimwona kanisani amesukwa vizuri sana na mtu mwingine, akanipa mkono kwa ncha za vidole. Hakuna mtu aliyewahi kutamka ukimwi mbele yangu, na hakukuwa na haja. Nilishapimwa peke yangu, nikapimwa tena na mume wangu, tukakuta hatuna. Lakini majibu kama hayo huwezi kuyabandika kwenye mlango wa saluni.

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari Kajiado. Kwao ni Wamaasai, wana boma na ng'ombe mbele ya Isinya. Sisi ni Wakikuyu waliohamia Kitengela nikiwa mtoto. Ninasema hivi kwa sababu kila kliniki niliyoingia na homa na maumivu ya viungo waliniuliza nimeolewa wapi, na nikishasema, walitabasamu wakaandika brusela. Ni ugonjwa unaotokana na maziwa yasiyochemshwa, na upande wetu huu ni ugonjwa wa kweli, sikatai. Nilimeza dawa zake, zikaisha, nikapewa tena.

Kosa likawa mume wangu kumweleza mama yake kwa simu, tena kwa spika, nikiwa nimeketi hapo hapo.

"Mama, daktari anasema ni maziwa."

Yule mama alikuwa akinitumia maziwa kila mwisho wa wiki tangu nilipoolewa. Ndiyo yalikuwa maongezi yetu, kwa sababu Kiswahili chake ni kidogo na Kimaa changu ni kidogo zaidi. Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyewe na mtungi wake, akaenda moja kwa moja jikoni kwangu, akawasha gesi, akayachemsha nikitazama. Yalipofura akayashusha, akayarudisha tena motoni.

"Nimechemsha," akasema bila kunitazama. "Mara mbili."

Nilikunywa kikombe kizima na sikujua niuweke wapi uso wangu. Homa haikupungua. Maziwa hayakuwa na hatia hata kidogo, ila sikupata njia ya kumwambia bila kufungua upya kile kidonda.

Hatimaye daktari mmoja wa zahanati aliniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: uso huu unazidi ukikaa juani? Nikasema ndiyo. Akanituma hospitali kubwa, kwa daktari wa magonjwa ya kinga na viungo. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mpole, na alitoa damu nyingi kuliko nilivyodhani mtu anaweza kutoa akatembea. Majibu yalipotoka alituketisha mimi na mume wangu pamoja.

"Hii si ukimwi," akaanza, kama aliyeshawahi kukaa kwenye saluni yangu. "Kinga yako haijapungua. Inafanya kazi kupita kiasi, na inakushambulia wewe mwenyewe. Inaitwa lupus."

Akatuonyesha kwenye karatasi. Kulikuwa na kingamwili, askari ambao mwili hutengeneza dhidi ya wadudu, lakini zangu zilikuwa zinapigana na kiini cha seli zangu. Nyingine zilielekea kwenye DNA yenyewe, na hizo zilikuwa juu sana. Kisha akaja kwenye kitu alichokiita komplimenti, C3 na C4.

"Hizi ni protini za kinga. Vita ikiwa kali, zinatumika zinaisha. Kwa hivyo zikiwa chini ndio tunaogopa."

Mume wangu akasogea mbele. "Hizi tunataka zipande, na zile za DNA zishuke?"

"Ndiyo hivyo."

Akatikisa kichwa taratibu kukubali, na nikaona kwamba angalau kwake jambo lilikuwa limepata umbo. Alikuwa amepewa hesabu. Mimi nilifurahi kwa muda wa kutoka ofisini hadi kwenye lifti. Kisha nikaanza kufikiria nitawaeleza watu nini. Mama yangu aliniuliza kama ni aina ya ukimwi. Nikasema hapana. Akauliza kama ni kansa. Hapana. "Sasa ni nini?" akauliza, karibu kwa hasira, na mimi nikajikuta naomba radhi kwa kuugua kitu kisicho na jina la Kiswahili.

Dawa zilifanya kazi. Maumivu yalishuka, wekundu ukafifia, na uso wangu ukavimba ukawa duara kama sahani, kwa sababu dawa za steroidi ndivyo zinavyofanya. Kanisani waliniambia nimenona. "Ndoa imekukubali!" Mama mkwe alipokuja aliniangalia mashavu, akafurahi kwa mara ya kwanza tangu yale mambo ya maziwa, akaniwekea kiganja tumboni.

"Ni dawa, Yeyo," nikamwambia, nikimwita mama kwa Kimaa.

Akauondoa mkono polepole, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto na hataki watu wajue ameungua. Sikumwambia kwamba daktari alikuwa amenikataza kushika mimba mpaka ugonjwa utulie. Niliona siku hiyo alikuwa ameshabeba vya kutosha.

Vipimo vilivyofuata vilikuja vizuri. Za DNA zilikuwa zimeshuka, C3 na C4 zimepanda hadi panapotakiwa. Mume wangu aliwapigia simu watu wote wa kwao tukiwa bado kwenye maegesho ya hospitali. "Damu iko sawa!" alisema, mara kwa baba yake, mara kwa dada yake, mara kwa mwalimu mwenzake. Nilikuwa nimeegemeza kichwa kwenye kioo cha gari na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kufunga mkanda kulikuwa kazi.

Sijui kama nitaweza kuueleza uchovu ule. Si usingizi. Ni kama mtu amechomoa waya. Nilikuwa naamka, nakaa kando ya kitanda, natazama kandambili zangu, na umbali wa kutoka mguuni hadi kwenye kandambili unanishinda. Vyombo vililala kwenye sinki. Saluni ilifunguliwa saa nne, kisha saa sita, kisha siku nyingine haikufunguliwa.

"Lakini damu iko sawa," mume wangu alisema asubuhi moja, akiwa amesimama mlangoni na mkoba wake wa shule. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyomwambia mwanafunzi aliyepata jibu tofauti: hebu rudia tena tuone ulipokosea.

Daktari alishaniambia kwamba hilo hutokea, kwamba vipimo vinaweza kutulia na mtu akabaki na uchovu na maumivu. Lakini aliniambia hayo mume wangu akiwa kwenye foleni ya dawa, na mimi nilipoyarudia nyumbani, kinywani mwangu yalisikika kama kisingizio. Hata mimi niliyasikia hivyo. Nikaanza kujichunguza. Labda ni uvivu. Labda nilishazoea kuhudumiwa.

Safari iliyofuata, nikiwa kwenye kiti cha maabara, mkono nimeunyoosha na mpira umefungwa juu ya kiwiko, niliomba. Nilisema moyoni, Mungu, safari hii ziwe mbaya. Kidogo tu. Zisiniue, ila ziwe mbaya, waone. Kisha sindano ikaingia na nikaitazama damu yangu ikipanda kwenye chupa ndogo, na nikajiona mtu wa ajabu sana. Majibu yalikuja mazuri. Nililia chooni, na kwa muda mrefu sikumwambia mtu kilichoniliza.

Kisha wifi yangu, dada wa mume wangu, akaolewa. Sherehe ilikuwa kwao, kwenye uwanda usio na mti wa maana, jua la Kajiado likiwa wima. Nilivaa mikono mirefu na kofia pana na nikakaa jikoni kwa mama mkwe nikikata nyanya. Wanawake waliingia na kutoka wakibeba sufuria. Shangazi wa mume wangu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alisimama mlangoni akanitazama.

"Huyu wetu ni bibi ya kivuli," akasema. "Akiona jua anayeyuka."

Walicheka. Hata mimi nilicheka. Na jambo la kushangaza ni kwamba mwezi ule nilikuwa najisikia vizuri. Uchovu ulikuwa umeondoka wenyewe tu, bila kuaga. Niliweka kisu chini nikatoka. Nilibeba chupa za chai, nikapeleka sahani kwenye mahema, nikacheza na wanawake wakati wa kumpokea bwana harusi, shanga zikiruka shingoni. Yule shangazi akapiga vigelegele karibu na sikio langu. "Kumbe unaweza!" Nilirudi Kitengela na vumbi mpaka kwenye meno, nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeijua tangu nianze kuugua. Miguu ilikuwa imevimba, nikasema ni kusimama.

Siku ya kliniki daktari alisoma majibu, akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Unajisikiaje?"

"Vizuri sana," nikasema. Ilikuwa kweli.

"Mkojo una povu?"

Nilikuwa nimeliona povu. Nilidhani ni sabuni ya kuoshea choo.

C3 na C4 zilikuwa zimeporomoka. Za DNA zilikuwa zimepanda kuliko siku ya kwanza kabisa. Kwenye mkojo kulikuwa na protini, maana yake figo zilikuwa zinavuja. Ilibidi nilazwe, watoe kipande kidogo cha figo kwa sindano wakipime, waanze dawa kali zaidi. Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya ile siku ya jua. Akasema jua halisaidii, lakini jambo kama hili huenda lilianza wiki nyingi kabla, na nisijilaumu. Hakujua ninajilaumu kwa nini. Mimi nilikuwa naliwaza ombi langu la kwenye kiti cha maabara.

Mume wangu alikaa kwenye benchi la korido akiwa na karatasi ya majibu.

"Lakini ulikuwa sawa," akasema. "Ulicheza."

"Nilikuwa sawa."

"Na ule wakati ulikuwa unalala siku nzima, damu ilikuwa sawa."

"Ndiyo."

Aliikunja karatasi, akaikunjua. "Sasa niamini nini?"

Nilitaka kusema, amini vyote viwili, kila kimoja kwa wakati wake. Lakini nilikuwa nimechoka kujitetea. "Hata mimi sijui," nikasema. Akanishika mkono pale penye plasta, akaona, akahamisha mkono wake juu kidogo.

Sasa nifike kwa baba mkwe. Kwao mwanamke na baba wa mume wake wana heshima kubwa kati yao. Hawakai karibu, hawali wakitazamana, hawaitani majina. Nilipoolewa alinipa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, na kwa ajili ya zawadi hiyo tangu siku ile mimi namwita Entawuo na yeye ananiita Entawuo, yaani yule mtamba. Ni jina la mapenzi, lakini linatuweka mbali vizuri.

Alikuja hospitali bila kutuambia. Nilikuwa nimekaa kitandani na gauni la wagonjwa lililofungwa kwa nyuma, kilemba nimekivua kwa ajili ya joto, mabaka ya kichwa yako wazi. Kando ya kitanda, palepale macho ya mtu yanapotua, kulikuwa na dumu kubwa lililojaa mkojo wangu wa tangu jana, kwa sababu walitaka kupima protini ya siku nzima. Aliingia na kofia mkononi, akaona vyote kwa mara moja. Akageuka akalitazama dirisha.

"Takwenya, Entawuo," akaliambia dirisha, ile salamu ya Kimaa anayopewa mwanamke.

"Iko," nikajibu, nikivuta shuka mpaka kidevuni. Niliona aibu mpaka masikio yakapiga kengele.

"Nimeambiwa ni damu imesema."

"Ndiyo, Entawuo."

"Wewe mwenyewe hukusikia kitu."

"Sikusikia."

Akatoka bila kunigeukia. Nilimsikia kwenye korido akimuuliza daktari, na akirudia kila jibu kwa sauti kama mtu anayejifunza njia. Figo. Protini. Zikiwa chini ni mbaya. Jua. Akauliza tena kuhusu jua.

Niliporuhusiwa kutoka na nikapata nguvu kidogo, tulienda kwao Jumapili moja. Ukoo ulikuwa umejaa. Baada ya sala ya chakula, kabla watu hawajanyoosha mikono, baba mkwe akasimama. Alizungumza Kimaa, kisha Kiswahili, ili nisipitwe na hata neno.

"Bibi ya kijana wangu anaumwa. Kinga yake inapiga mwili yake. Hamuwezi kuona, na saa ingine hata yeye hawezi kusikia. Ni damu inaonyesha. Saa hii figo zake zinamwaga protini kwa mkojo. Nimeona huo mkojo na macho yangu."

Mtu fulani akakohoa. Nilikuwa natazama kitambaa cha meza, na mpaka leo ninaweza kukichora.

"Mtu asimtume kwa jua. Mtu asimwite mvivu. Na mambo ya mtoto, mtu asimuulize, kwa sababu dawa imekataza. Nani amesikia?"

Wakasema wamesikia. Wote, mpaka watoto. Mama mkwe alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Shangazi wa mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nilikula sijui nini, kisha nikaenda kukaa ndani ya gari, vioo nimepandisha, nikitamani tuondoke hata kwa kusukuma.

Baba mkwe alinifuata. Akasimama kando ya mlango, akatazama upande wa zizi.

"Entawuo. Umekasirika."

Nilishusha kioo kidogo. "Sijakasirika. Nimeona aibu."

"Hata mimi," akasema. "Mambo ya mkojo si ya mwanaume kusema mbele ya watoto wake. Nilikaa na hiyo maneno wiki mzima." Akavaa kofia. "Lakini ungesema wewe, wangesema unajitetea."

Akaondoka. Mama mkwe akaja baada yake. Aliingia kiti cha nyuma, akaketi, na tukakaa hivyo sisi wawili mpaka mume wangu alipomaliza kuaga watu. Kabla ya kushuka aliniuliza kwa Kiswahili chake kama yale ya mtoto ni kweli. Nikasema ni kweli, kwa sasa. Akaniwekea mkono begani, na safari hii hakuuondoa haraka.

Singependa kusema kwamba aibu iliisha. Ilibadilika tu. Zamani niliona aibu kwa kudhaniwa mvivu, sasa naona aibu wanawake wakininyang'anya jagi la maji mkononi kana kwamba mimi ni glasi. Zamani walinificha waliyoyafikiri, sasa kila mtu wa ukoo ule anajua habari za mkojo wangu na ananiuliza akiwa ameshika ugali. Dawa kali zilinipa kichefuchefu kwa miezi. Za DNA zilishuka polepole. Protini ilipungua, haijaisha. Nilikata nywele zote, na saluni naifungua ninapoweza. Mume wangu hunisindikiza kliniki shule zikifungwa, na siku hizi hukaa ndani mpaka daktari amalize.

Juzi tulipita Kajiado siku ya mnada wa mifugo. Mume wangu alishuka kumwona mtu, nikabaki kwenye kivuli cha kibanda cha chai, kofia imenifika machoni. Ng'ambo ya uwanja, katikati ya mbuzi na wanunuzi, nikaiona ile sura ndefu ya shangazi. Naye akaniona. Niliomba asiite. Akaita.

"Wee! Bibi ya mwalimu! Zile zako zimepanda?"

Watu wote waligeuka. Alikuwa anauliza C3 na C4, na alikuwa anauliza kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe. Uso ukaniwaka. Ningeweza kumpungia tu mkono. Lakini alikuwa amesimama pale na mikono kiunoni, anangoja kweli kweli, na majibu ya wiki ile yalikuwa mazuri.

"Zimepanda!" nikapaza sauti.

Akapiga vigelegele. Mzee mmoja aliyekuwa karibu yangu na mbuzi wake wawili akanigeukia kwa wasiwasi.

"Zimepanda mpaka bei gani?" akauliza.